Aliugua kwa Muda Mfupi

Afisa wa mikopo alikuwa binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, lakini tulimwogopa kama watoto wanavyomwogopa mwalimu mkuu. Mimi nashona sare za shule hapa Keroka. Mume wangu anatengeneza milango na madirisha ya chuma katika kibanda kinachotazamana na duka langu. Hatuna mwajiri wa kutuandikia hati ya mshahara, kwa hiyo kila tulichosema benki ilitaka ithibitishiwe: pesa zilizopita kwenye simu zetu, leseni za kaunti, risiti za vitambaa. Siku moja binti huyo alikuja bila kutuarifu. Alimkuta mume wangu ameinama, cheche zikiruka, na mimi nimezungukwa na akina mama wanaogombania sweta. Nilimshukuru Mungu kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile. Angekuja katikati ya muhula angenikuta nasinzia juu ya cherehani.

Nyumba tuliyotaka kununua ni ile tuliyokuwa tumepanga, vyumba vitatu juu kidogo ya barabara kuu. Mwenyewe alikuwa anahamia kwa mwanawe, akatuambia atatuuzia sisi kwanza. Tukishindwa, kuna mnunuzi mwingine anayengoja.

"Sasa tumebakiza bima tu," binti alituambia tulipoitwa benki kwa mara nyingine. "Mmoja wenu akifariki, bima inalipa deni. Benki haigusi nyumba. Inabaki ya watoto."

Mume wangu akanigeukia. "Umesikia, mama watoto? Ukitaka nyumba ya bure, unajua la kufanya."

"Nitaanza na uji wako wa kesho," nikamjibu.

Binti alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa bado nasikia yale maneno mengine. Inabaki ya watoto.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Mama alibaki na sisi wanne katika chumba cha kupanga hapa hapa Keroka, akiuza ndizi sokoni. Nilikuwa kidato cha pili alipoanguka mlangoni akijitwisha mkungu, na hakuamka tena. Tulimzika Nyacheki, nyumbani kwa baba. Tuliporudi mjini tulikuta kufuli geni kwenye mlango wa chumba chetu. Mwenye nyumba alikuwa amesubiri mazishi yaishe. Sufuria zetu zilikuwa ndani, na blanketi, na viatu vyangu vya shule. Mdogo wetu wa mwisho akauliza kama mama amefungiwa humo. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kumjibu. Sikurudi shuleni tena.

"Wazazi wako hai?" binti aliuliza, akiendelea na maswali ya bima.

"Walifariki."

"Pole, mama. Baba alifariki kwa nini?"

"Ajali ya lori."

"Na mama?"

"Aliugua kwa muda mfupi."

Ndivyo ilivyosomwa mazishini, na ndivyo inavyosomwa karibu kila mazishi huku kwetu. Hakuna anayeinua mkono kuuliza zaidi.

Binti alinitazama kwa upole. "Nimeelewa. Lakini watu wa bima wanataka jina la ugonjwa. Halafu nyote wawili mtapimwa na daktari."

Nilimwambia nitauliza nyumbani kwanza. Haikuwa kweli, kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kuuliza. Aliyejua ni mimi peke yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mama maji ya kumezea vidonge vya presha, na nilikuwepo vilipokwisha akasema atarudi zahanati ndizi zikipata bei. Wadogo zangu walikuwa wadogo mno kukumbuka.

Tulipotoka nje mume wangu aliniuliza ilikuwaje hasa, nikamwambia.

"Sema malaria," akasema. "Nani atakwenda kumwuliza?"

Hakujua kwamba kisogo changu kilikuwa kikigonga asubuhi nyingi, wala kwamba mwaka ule nilikuwa nimeupita umri aliokufa nao mama. Palipokuwa na kambi ya kupima watu bure sokoni, nilijifanya nina mteja. Mtu aliyeajiriwa akiugua hupewa likizo. Mimi nikiugua duka linafungwa, na nilijiambia kwamba nisipopimwa siugui.

Wiki nzima nilishona vibaya. Nilipachika mfuko juu chini kwenye shati la mtoto wa watu. Nilikuwa naogopa mambo mawili, na kila nikilikimbia moja nalikuta lingine. Nikisema kweli, huenda tukanyimwa mkopo, nyumba iende kwa yule mnunuzi. Nikidanganya tutapata nyumba, nami nitatembea humo na ugonjwa wa mama bila dawa. Na siku nikianguka, watu wa bima watachunguza, watagundua, watakataa kulipa. Kisha atakuja mtu na kufuli, na mtoto wangu mkubwa, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza, atasimama mlangoni akitafuta la kuwaambia wadogo zake.

Nilirudi benki nikasema, "Mama alikufa kwa presha." Binti aliandika bila kuinua macho. Niliona ajabu jinsi neno lenyewe lilivyokuwa fupi.

Zahanati waliyotutuma iko Kisii mjini. Mume wangu alipimwa kwanza, akatoka akijipigapiga kifua kama aliyeshinda uchaguzi. Mimi muuguzi alinifunga mkanda mkononi, ukabana, akatazama namba, akaufungua.

"Mama, umepanda ngazi mbio?"

"Nimekaa kwenye benchi lenu tangu mfungue."

Alinipima tena. Kisha akaniita kwa daktari, na mume wangu akaacha kujipiga kifua.

"Hii haijaanza leo," daktari alisema. "Umebahatika kuja ukitembea kwa miguu yako." Alinipa vidonge, akasema vikiisha nichukue vingine, nisiache hata nikijisikia mzima. Nilimsikia mama akisema ndizi zikipata bei.

Watu wa bima walitaka nitumie dawa miezi mitatu kwanza, nipimwe upya. Mume wangu alikwenda kumbembeleza mwenye nyumba. Alikuta yule mnunuzi mwingine ameketi sebuleni kwa mzee, anakunywa chai. Mzee alikubali kungoja, lakini hakuandika popote. Miezi ile kila gari lililopinda kupanda kuelekea nyumbani lilinitoa cherehanini. Nilimeza vidonge, nikapunguza chumvi, nikaomba.

Namba zilishuka. Bima ilinikubali kwa malipo makubwa kuliko ya mume wangu, na hadi leo ananitania kwamba mimi ndiye bidhaa ya bei ghali nyumbani. Tulitia saini. Niliwaita wadogo zangu wote watatu nikawaambia mama alikufa kwa nini, nikakaa nao kwenye foleni mpaka kila mmoja akafungwa ule mkanda.

Mume wangu alitengeneza mlango mpya wa mbele. Alipouleta kuupachika, aliniuliza komeo la nje nalitaka juu au chini.

"Sitaki la nje."

"Na tukisafiri? Kufuli tutalitia wapi?"

"Atabaki mtu."

Alinitazama, akachukua chaki, akafuta alama aliyokuwa ameweka kwenye chuma. Mlango wetu unafungwa kwa ndani tu. Kila asubuhi nauegemea nikimeza kidonge, na hofu ninayo bado. Lakini nikianguka, nitakuwa nimeangukia ndani, upande wa watoto wangu.