Mutura ya Wafini Niliyoionja Sundbyberg

Mwaka wa 1959, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa na masomo yangu yakafa naye. Darasa la tatu, basi. Nikaenda kuosha matumbo ya ng'ombe kwenye kichinjio cha Thika, na matumbo hayo hayo ndiyo yaliyonitoa. Nilijifunza kuyajaza nyama, damu, kitunguu na pilipili, nikayachoma kando ya barabara, watu wakapanga foleni. Hiyo ndiyo mutura, na yangu inajulikana. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba anayezungumza juu ya chakula hapa si mtu wa kubahatisha.

Kilichonitoa nyumbani mwaka wa 2009 ni binti yangu Wambui. Alikwenda Uswidi kusomea uuguzi, akabaki huko huko, kisha akapiga simu kwamba amepata mchumba. Wa wapi? Mfini, dereva wa basi mjini Stockholm. Sasa, kwetu mzee wa upande wa binti huenda kuona boma la wakwe kabla ya ndoa. Akila chakula chao, amekubali. Asipokula, maneno yamekwisha, na hakuna wa kumwuliza sababu.

"Baba, njoo uone," Wambui akaniambia. "Ukikataa nitakutii. Lakini usikatae ukiwa Thika."

Nilipanda ndege nikiwa nimekwisha kukataa. Kumwambia kwa simu ndiko kulikonishinda.

Stockholm nilifika mwezi wa nne, karibu na Pasaka. Jua la huko ni la kutazama tu, halipashi mtu joto. Wambui anakaa Hjulsta, mwisho wa reli, ghorofa juu ya ghorofa. Rafiki yake wa kanisani, Mama Claudine, Mrundi wa kule Spånga, alikuja na maharagwe na ndizi, nikala nikashiba. Huyo ndiye waliyemfanya shangazi wa harusi, kwa kuwa mashangazi wa kweli wako Thika.

"Muzee, kesho utakula kwa wale watu?" akaniuliza.

"Kesho nitakunywa maji."

"Mungu wangu! Maji tu? Mutoto atalia!"

"Atalia, atanyamaza."

Wambui alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha sahani ile ile.

Kesho yake mchana tulishuka chini ya ardhi, sisi watatu, tukapanda treni ya kwenda Sundbyberg. Nilipoingia niliwasalimia abiria wote. Aliyeitikia ni mmoja tu, mwenye mbwa, naye ni kama aliogopa.

Pale Sundbyberg mchumba mwenyewe, Mikko, alifungua mlango akaonyesha viatu vyangu kwa kidole. Mimi, mzee aliyekuja kuombwa binti, nikaingia kwa soksi. Baba yake, Mzee Paavo, alikuwa amevuka bahari kwa meli kutoka Ufini na mfuko mzima wa vyakula. Alinishika mkono, akatikisa kichwa, akakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Kisha wakaanza kupanga mezani. Mkate mweusi, mgumu, wenye tundu katikati kama gurudumu la mkokoteni. Samaki mbichi, usidhani nimekosea, mbichi, wametiwa chumvi tu. Vikate vilivyobeba uji wa wali, uji ndani ya mkate, kana kwamba sufuria zimekwisha. Na chakula chao cha Pasaka, kitu cheusi kama grisi ya lori, wakakimwagia maziwa. Nikaomba maji. Mama Claudine akanikanyaga mguu.

Ndipo Mzee Paavo akaingia jikoni, akarudi na sinia linalofuka moshi. Harufu ile niliijua kabla sijaona kitu. Matumbo meusi, manene, yamejikunja.

"Hii ni nini?"

"Ni damu na shayiri, Baba, ndani ya utumbo," Wambui akasema polepole. "Ndiyo mutura ya kwao."

Mzee Paavo akafungua chupa, akachota jamu nyekundu, akaipaka juu. Jamu! Juu ya utumbo!

"Muulize pilipili iko wapi."

Wambui akamwambia Mikko kwa Kiswidi, Mikko akamwambia baba yake kwa Kifini, na jibu likarudi njia ile ile: hakuna.

Nikachukua kisu. Nilitaka kumwonyesha kwamba imejazwa vibaya. Nikaikata, nikaibonyeza, imelegea. Nikatia kipande mdomoni, kama nilivyofanya kila asubuhi maisha yangu yote kabla mteja hajahudumiwa.

"Shayiri imezidi," nikasema nikitafuna. "Na damu haikukorogwa vizuri."

Wambui alikuwa anatazama mdomo wangu. Mama Claudine akaruka kutoka kitini:

"Muzee amekula!" Akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ningeweza kutema, sahani ilikuwa mbele yangu. Lakini Mzee Paavo alikuwa anauliza kitu, na swali likapita kwa Mikko, likafika kwa Wambui, naye akafuta macho.

"Anauliza, Baba... wewe ya kwako unatia nini?"

Katika nchi ile nzima hakuna mwingine aliyekuwa ameniuliza juu ya kazi yangu.

Nikameza.

"Mwambie alete karatasi," nikasema. "Na wewe acha kulia, tafsiri."

Siku ya kurudi, Mzee Paavo alinisindikiza uwanja wa ndege akanipa chupa ya ile jamu. Mzigo wa bure. Nilichojifunza ni kwamba Wafini hawajui kuchoma, hawajui pilipili, na mzee aliyekwenda kukataa asikubali kukaa karibu na mutura, hata iwe mbaya namna gani.

Leo nina bucha mbili Thika, nyumba ya mawe, pikapu, ng'ombe wanne wa maziwa, na mkwe dereva wa basi anayesema neno moja kwa wiki. Kwenye friji ya bucha ya juu kuna chupa ya jamu nyekundu. Imebaki nusu.