Salvina na Chupa Tano Zisizo na Majina

Saa moja na robo asubuhi, wanafunzi wakiwa bado mstarini, Salvina Bujiku, mhudumu wa maabara, anatoka jikoni mwa shule amekunja kiganja. Ndani kuna chumvi ya mboga aliyomwomba mpishi. Anaingia nayo maabara, anaikoroga kwenye maji.

Mezani kuna chupa tano zisizo na majina. Keshokutwa watahiniwa thelathini na wanane wa sekondari hii, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, wanafanya mtihani wa vitendo wa kemia. Chupa zisipotambulika zitamwagwa, na nyingine hazipatikani hadi Januari.

Kosa ni la Salvina, wala halifichi. Mwaka huu wa 1981 gundi imeadimika, akabandika majina kwa uji wa muhogo. Likizo ilipokwisha, mende walishamaliza uji pamoja na karatasi.

"Shikamoo, Mama Apolonia," Mwalimu Valerian, kijana anayefundisha kemia, anamwambia Salvina. "Mkuu anasema ikifika saa nne tumwage."

"Marahaba. Mwambie saa nne bado. Kama ana haraka, aje anywe."

Orodha ya stoo inataja metali tano, kila chupa na yake. Jana, alipodondosha soda kali ya maabara, shaba ilijitaja kwa mashapo ya buluu, chuma kwa kijani kichafu. Tatu zilitoa mashapo meupe, yakayeyuka soda ilipozidi. Amonia ikaitenga zinki, maana mashapo yake peke yake ndiyo yaliyeyuka humo. Zikabaki alumini na risasi, na dawa ya kuzitenganisha iliisha mwaka jana.

Salvina, mwenye miaka 49, aliishia darasa la nne misheni ya Ushirombo. Ni mhudumu kwa miaka kumi na mmoja, na mshahara wake ni shilingi mia sita kwa mwezi.

"Wanafunzi wanaandika majibu, uchafu wananiachia mimi," anasema. "Ungeosha wewe, ungejua risasi iliyokutana na chumvi inavyogoma kutoka kwenye neli mpaka uimwagie maji ya moto."

Ametia dawa ya zile chupa mbili kwenye neli mbili, anadondosha maji ya chumvi kwenye ya kwanza. Kimya. Kwenye ya pili unatanda weupe mzito. Anaipasha moto, weupe unatoweka. Inapopoa, vinashuka visindano vinavyometameta.

Valerian anainama kutazama.

"Andika risasi, baba. Ile nyingine alumini. Ukimaliza kushangaa, nipe hiyo kalamu."

Karatasi mpya zinabandikwa kwa nta ya mshumaa. Saa nne inapita, hakimwagwi kitu.

Mwakani Salvina anataka kufanya mtihani wa fundi wa maabara, Mwanza. Vitendo havimtishi. Karatasi ya maswali ni ya Kiingereza, ndiyo maana kila Jumapili baada ya misa anafundishwa na bintiye Apolonia.

"Juzi kaniambia nina kichwa kizito," anasema. "Nikamwambia, mwalimu wangu, vumilia. Mimi nilikusubiri mwaka na nusu ndipo ukajua kutembea."