Pori Niliyokataza Batoto Bangu

Hakuna kitu ya kunishangaza mimi, mwanangu. Nilianza na kubeba samaki ya chumvi kwa mugongo, toka Kyavinyonge mpaka Butembo, miguu wazi. Darasa la pili sikumaliza. Mais lakini uhuru ulipoingia, nilikuwa tayari na kamio mbili za mizigo na nyumba ya matofali, uliza mutu yeyote wa soko. Donc basi, nilifikiri mambo ya dunia nimeyamaliza.

Lakini kuna Jumamosi moja haitoki kichwani mwangu. Mama yangu alifika toka shamba yake, kule msitu unapoanza, upande wa Beni, kuchukua bajukuu. Kwetu ni vile: Jumamosi batoto banaenda na mukaka, nyanya yao. Banalima, banaokota kuni, banajifunza tunda gani inakuliwa na gani inaua. Kahindo, binti wa dada yangu, alikuwa tayari na kikapu yake. Masika, binti yangu, mukubwa wa batoto bangu, miaka nane, akakimbia aende naye.

Nikamushika mukono. "Wewe, rudi! Batoto ba patron, ba tajiri, habakanyagi matope."

"Patron tangu lini?" mama akauliza. "Kambale, mimi nilikuosha kwa mutoni. Ulikuwa unanuka samaki mpaka imbwa zinakufuata."

Majirani bakacheka. Haya ikanipanda mpaka masikioni, nikapaza sauti bote basikie: "Hapana kwenda! Masika, kitu ya pori usiguse hata moja. Yote ni sumu."

"Unamufuga kama kuku ya muzungu," mama akasema. "Siku kibanda kikivunjika, atakwenda wapi?"

Akaondoka na Kahindo peke yake. Mimi nikamwaga simenti kwa lupango, kiwanja ya nyumba yote, nikaweka kufuli kwa mulango, batoto bakawa banachezea pale na viatu vyao. Nilikuwa naona nimebapenda sana.

Kisha vita ikakuja, baasi na bunduki zao bakaingia Butembo. Kamio zangu zote mbili bakachukua. Tukakimbia kwa miguu mpaka kwa mama, tukajificha msituni, sisi na batu ba nyumba ya dada yangu. Asubuhi moja risasi zikalia karibu, kila mutu akaruka upande wake. Tulipokutana tena, batoto babili habako: Kahindo na Masika.

Kahindo alirudi kesho yake, peke yake, miaka saba tu. Alifuata kamutoni kushuka, sawa mukaka alivyomuonyesha, na kikwembe chake cha kujifunga kimejaa matungulu, yale matunda mekundu yanayoota chini kwa udongo. Masika tulimupata siku ya tatu. Alikaa kwa shina ya muti, kamba za viatu zimefungwa muzuri, anatetemeka na homa. Matungulu yalikuwa pale pale, mukono wake ungefika. Na maji unayasikia.

"Masika, mama yangu, juu ya nini hukukula?"

"Papa, ulisema yote ni sumu."

Alikufa mbele jua haijafika katikati. Ningependa mama anitukane, kweli. Alimuvua viatu tu, akamuosha miguu pole pole kwa yale maji ya mutoni, kama mutoto anayetoka shamba.

Mwanangu, wewe uko na duka leo, uko na mabati yanayong'aa, na unasema pori ni ya bamaskini. Nilisema vile na mudomo hii. Funga duka Jumamosi. Peleka batoto, na usibatume tu, enda nabo wewe mwenyewe na mama yao. Baingie maji, miiba ibakwaruze, baulize jina ya kila jani. Kama jina huijui, hapana kuona haya, uliza mukaka yao wakati angali hai. Hofu yako usiimwage kwa kichwa ya mutoto, yeye ataiamini yote. Mungu akuachie bote, bazeeke kukupita, na udongo ya kwabo ibajue kwa miguu.

Batu ba soko banapenda kuniuliza vita ilinikulia mali ngapi. Kamio sihesabu, zile nilinunua zingine. Mais kwa kulaza mutoto kaburini kwa kilima ya batu bengine, unapita kwanza kwa chef wa udongo, mukubwa mwenye ardhi, ni desturi yetu. Nilimupelekea mbuzi mbili, jembe moja mupya, na faranga elfu moja na mia mbili.