Kamera ya Kumwibia Baba Kicheko

Kamera yangu kubwa ilikuwa na tabia ya kugeuza watu magogo. Nilikuwa mpiga picha wa harusi na vipaimara pale Singida mjini, na kila nilipoinyanyua, hata bibi harusi mwenye vituko alikauka ghafla. Kwa wateja sikujali. Walilipia kunyooka, nikawapa kunyooka. Shida ilikuwa baba.

Baba, mstaafu wa reli, aliishi nje kidogo ya Itigi. Akiniona nafungua begi la kamera anainuka, anaingia ndani, anatoka na koti na viatu vilivyopigwa kiwi, anasimama mbele ya mlango, mikono imebana mapajani, mdomo umefungwa kana kwamba kuna mtu anataka kumng'oa jino. Na huyo ni mzee ambaye kicheko chake kilisikika mpaka kisimani! Nikimwambia alegeze mabega, anakaza zaidi.

Ningemwacha na ukavu wake, ila kwa mama tulishakiona cha moto. Alipofariki tulipekua nyumba nzima kutafuta picha yake tukapata moja tu, ya kitambulisho, amekodoa macho kama ameulizwa mbuzi wa watu yuko wapi. Mama yangu, aliyekuwa akicheka hadi kanisani. Waliokuja msibani waliitazama wakauliza huyu ni nani. Nililia siku ile, na nusu ya kilio ilikuwa hasira. Nikaapa baba hatazikwa na sura ya kuazima. Nitampata akicheka, apende asipende.

Kwa hiyo nikaenda kutafuta kamera ndogo, ya kuficha kiganjani. Ilikuwa miaka ile soko huria limetumwagia vitu vya kila rangi, na maduka ya karibu na stendi yalipanga kamera za dijitali kabati moja na pasi na hereni. Muuzaji akanianzia wimbo wa megapikseli: hii saba, hii kumi, hii kumi na mbili dada yangu, utaona mpaka vinyweleo. Nikamwambia vinyweleo vya baba navijua. Nilichotaka kujua ni kama kamera inawahi, maana zile ndogo za wakati ule zilikuwa na uvivu wake. Unabonyeza, inawaza kwanza, ndipo inapiga, na mtu ameshamaliza kucheka anajikuna.

Nikamjaribia muuzaji mwenyewe. Nilishika ya kwanza, nyembamba ya rangi ya fedha, nikamwambia kwamba tumbo lake ndilo hufungua duka asubuhi, yeye anafika saa nne. Akacheka sana. Picha ikamtoa amefunga mdomo, amenuna. Kwa ya pili nikalisema shati lake, na ikamtoa amegeuka anahudumia mteja mwingine. Ya tatu ilikuwa nene, sura mbaya, inakula betri za redio, na muuzaji alikiri waziwazi kwamba hiyo huwa wanachukua wazee. Nikamwuliza kama mkewe humwita kwa jina au humpigia mluzi. Ikamnasa na fizi zote! Nikainunua palepale pamoja na betri za akiba, maana kwa baba umeme ulikuwa bado hadithi.

Nilikaa kwa baba siku mbili nikijifanya nachambua maharage, kamera imelala chini ya kanga mapajani. Siku ya pili akaja jirani, mtani wake wa siku zote, akaanza kumweleza kwamba siku baba akifa, yeye mtani ataingia kaburini wa kwanza na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo, tena si hawa wa baba waliokonda. Baba akacheka mpaka akashika goti. Nikabonyeza. Ikawahi, jamani: macho yamefumba, pengo la mbele liko wazi, chozi shavuni. Nilifurahi nusura nimwage maharage.

Nikaenda kuisafisha picha ile mjini, nikaikuza, na baada ya wiki mbili nikarudi Itigi kichwa kimevimba. Nikampa baba kwa mikono miwili. Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza nyuma.

"Miguu yangu iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za sura, za kicheko, za mama na kile kitambulisho chake. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana heshima zake.

"Kucheka kanichekesha yule mshenzi," akasema. "Mimi kazi yangu ilikuwa kutembea, mama. Kila siku juu ya reli, natafuta boliti iliyolegea, watu wapite salama. Wewe umesoma kwa miguu hii. Halafu unaikata."

Niliona aibu ya kweli. Nikasema nisamehe baba, lakini alikuwa ameshaingia ndani kufuata koti.

Nikatoa kamera kubwa kwenye begi. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka nikakanyaga mihogo ya jirani, ndipo viatu vyake vikaingia vyote viwili. Hakucheka, na sikumwomba acheke.