Dada Razia na Vyura Wasio na Miguu

Sabika, binti wa dada yangu Razia, amekuwa akinijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule. Jumanne ile, aliponipigia simu dukani Unionville, nje kidogo ya Toronto, ninakouza miwani, alizungumza Kiswahili.

"Mjomba, Mama amefariki."

Nilisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaketi kwenye kiti cha wateja. Kisha akauliza, "Utamshusha?"

Kwetu mwanamke huwekwa kaburini na maharimu wake, yaani mume au ndugu wa karibu wa kiume. Mume wa Razia alikwishatangulia, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Nilibaki mimi, Ridha, mdogo wake. Nami kwenye maziko ya baba yetu Anwarali nilisimama juu, wengine wakashuka. Naogopa shimo na vinavyotambaa ndani yake.

Razia hakuwa hivyo. Tulizaliwa Wundanyi, kwenye milima ya Taita, naye akawa mwalimu wa shule ya msingi hukohuko. Watafiti walipokuja kutafuta amfibia wanaoishi ardhini, walimwomba awatafsirie kwa wakulima. Alianza kwa kutafsiri, akaishia kushika jembe na kutafuta pia. Viumbe hao ni jamaa wa chura, ila hawana miguu, na macho yao hayawafai kitu. Ukimwona mmoja harakaharaka utasema ni nyungunyungu mnene, au nyoka. Wakulima wengi waliwakata kwa kudhani ni nyoka. Kwa miaka miwili Razia alipita shamba kwa shamba, chini ya migomba, akiwasihi watu wawaache: wanakula mchwa na hawamdhuru mtu.

Alipohamia Toronto alipata nyumba Crescent Town na kazi ya kupika katika kituo cha kulelea watoto. Lakini mazungumzo yake hayakubadilika. Jumapili moja baada ya majlisi msikitini, tukiwa kwenye biriani, alieleza jinsi mama wa viumbe hao anavyojizungusha juu ya mayai yake udongoni. Watoto wakitoka, ngozi ya mama hujaa mafuta na rangi yake kupauka. Yeye hutulia tu, wao wakimkwangua na kula ngozi ile. Baada ya siku chache huota nyingine.

"Razia bai," alisema Bi Masoomah aliyekula nasi, "si tunakula!"

"Kula tu. Kwani wewe wanao wanne hawajakukwangua?"

Bi Masoomah alicheka mpaka akamwaga chai.

Wiki moja kabla hajafariki nilimtembelea hospitalini. Aliniambia waziwazi, "Ridha, wewe ndiye utakayenishusha."

"Dada, unanijua mimi na udongo."

"Nimeupekua kwa mikono miaka miwili, sikuumwa na kitu. Wewe huku juu umeumwa na mbwa mara mbili."

"Inshallah, Dada."

"Inshallah ya kweli, au ile ya kumwondoa fundi anayedai mlangoni?"

Nilimnyooshea shuka, nikaaga. Ndiyo maana Sabika, aliyekuwa ameambiwa na mama yake, aliniuliza kwenye simu. Nikamwambia, "Nitamshusha."

Alhamisi baada ya adhuhuri tulifika makaburini, kaskazini ya Richmond Hill. Nilivua viatu nikashuka. Ukutani mwa kaburi, karibu na uso wangu, nyungunyungu alikuwa akijirudisha ndani polepole. Nilimtazama hadi akapotea, nikanyoosha mikono nimpokee dada yangu. Hakuwa mzito.

Nilimlaza ubavu wa kulia, nikafungua fundo la sanda kichwani, nikaliweka shavu lake juu ya udongo. Maulana alisoma talakini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, kutoka juu, nami nikamtikisa bega kila alipotajwa, nikirudia: sikia, fahamu, ewe Razia binti Anwarali. Sauti yangu ilitoka sawasawa.

Nilitoka kaburini kwa upande wa miguu. Kwa desturi sisi ndugu wa maiti haturushi udongo, hivyo nilisimama kando wengine wakiurudisha kwa migongo ya mikono. Kaburi lilipokwisha kumwagiwa maji, Sabika alisogea. Tulichuchumaa, tukabonyeza vidole juu ya kaburi, tukasoma sura ya Inna anzalnahu mara saba. Kisha tulimwombea, tukaenda kwenye gari.