Kunyoosha Nyumba ya Koboko

Shemeji yangu alikuwa mfupi, na mimi sikumpa nafasi ya kulisahau hilo. Nilimwambia amechagua uashi ili apate kupanda jukwaani na kutuona utosi angalau mara moja. Naye alinijibu kwamba mpiga picha ni mtu anayefumba jicho moja na kula jasho la wengine. Ndivyo tulivyopendana. Alikuwa amemwoa dada yangu mdogo, wakikaa Koboko. Mimi nilikuwa na studio Arua, nyuma ya soko, niliyoachiwa na Mhindi aliyenifundisha kazi, siku zile Wahindi walipofukuzwa.

Katikati ya miaka ya sabini shemeji alipata kazi kubwa: kumjengea gorofa mkubwa mmoja wa jeshi, mwenyeji wa huko aliyekaa Kampala. Kazi ya namna hiyo hukuikataa. Nyumba ilipokwisha, mkubwa akaagiza apelekewe picha, maana hakuwa na nafasi ya kuja. Shemeji akaniita mimi, na aliniita kwa furaha.

Nyumba ilikuwa nzuri, hilo sitamnyima. Alipanda juu akashusha timazi yake, ile kamba yenye kipande cha chuma nchani, na kamba ikafuatana na ukuta mpaka chini bila kuachana nao. Tatizo langu lilikuwa nafasi. Mbele palikuwa na barabara nyembamba, na ng'ambo yake ua wa askari, ambamo hata mbuzi hakuingia bila kuulizwa anatoka wapi. Sikuweza kurudi nyuma. Nikafunga lenzi pana ya Mhindi, nikabana mgongo kwenye ua, nikainua kamera ili paa liingie. Ukiinua kamera hivyo, kuta husogeleana huko juu, na nyumba huonekana kama inataka kulala chali. Shemeji alisimama mlangoni na koti lake la sikukuu.

Jambo hilo lina dawa yake katika chumba cha giza, nami nilikusudia kuitumia. Lakini dereva wa mkubwa alikuwa mlangoni kwangu ananihimiza. Aliichukua picha ya kwanza ikiwa bado mbichi.

Hazikupita wiki nyingi, askari walikuja kumchukua shemeji. Dada alipanda lori la mihogo mpaka Arua kunieleza. Mkubwa ameiona nyumba yake pichani inaanguka, anasema fundi amekula saruji. Shemeji hakubishana nao. Alipanda juu akawashushia timazi palepale. Askari waliitazama kamba, wakaitazama picha, wakasema picha haina mdomo, itasemaje uongo? Na huku nyumba yenyewe imesimama mbele ya macho yao! Nikilikumbuka hilo, mpaka leo, moyo unanichemka.

Nikajifungia. Karatasi za picha zilikuwa adimu kuliko sukari, lakini sikuzihurumia. Chini ya mashine ya kukuzia picha kuna ubao unaolaziwa karatasi. Ubao ule ukiuinamisha, upande uliosogea karibu na taa hutoka mdogo, na ulio mbali hutoka mkubwa. Basi niliuinua upande wa msingi wa nyumba kwa viberiti, upande wa paa nikauacha chini, nikaibana lenzi na kungoja muda mrefu ili pote patoke wazi. Nikaharibu, nikarudia. Mwishowe kuta zilisimama, kila moja peke yake. Nililia mle gizani, sioni haya kusema, kwa kuwa niliamini nimemtoa.

Niliipeleka kwa ofisa aliyeshika shauri lile pale Arua. Hakuwa mkali. Alinipa kiti. Alizilaza picha mbili mezani, ile iliyorudishwa kutoka Kampala na hii yangu, akazitazama kama mtu anayechagua kitambaa.

"Nyumba iko moja," akasema. "Hii ya pili ulifanya nini?"

"Niliinyoosha, afande."

Ndivyo tulivyoiita kazi hiyo, mimi na Mhindi wangu. Tulisema tunanyoosha ukuta. Nimelitafuta neno jingine miaka yote hii, sijalipata.

"Kitu yenye iko sawa," ofisa akasema polepole, "nani ananyoosha?"

Nilimweleza habari ya lenzi, ya ua wa askari, ya ubao na viberiti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana fundi wa kuficha makosa. Akaziweka picha zote mbili kwenye droo, akaniambia niende nyumbani kwangu na nishukuru kwamba ninakwenda nyumbani. Mwenye nguvu mpishe. Nikampisha.

Shemeji hakurudi. Hakuna aliyetuambia amekufa, kwa hiyo hatukuweka matanga. Dada aliendelea kumwekea chakula pembeni, na mimi niliendelea kuwapiga watu picha za harusi. Wenye nyumba walihamia katika gorofa lile. Mvua zikaja, zikaenda, na ukuta wake haukupata hata ufa.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipopanda kuja kwetu, watu walianza kuvuka kwenda Kongo na Sudan. Dada alikuja studio na mzigo wake kichwani. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo kuna watu waliotoka katika magereza yaliyofunguliwa, akataka picha ya mume wake apite akiwaonyesha. Picha nyingine ya shemeji hatukuwa nayo. Nikamtolea nakala yangu ya ile iliyonyooka, kazi bora niliyopata kuifanya.

Aliitazama kwa muda, kisha akanirudishia.

"Huyu mrefu, kaka. Huyu watu hawatamjua."

Nikaitazama nami. Ni kweli: ubao ukiinama, kila kilichomo huvutwa, na nilipozinyoosha kuta nilikuwa nimemvuta na yeye. Alisimama mlangoni, mwembamba, mrefu, mgeni kabisa. Nilianza kumweleza dada kwamba haiwezekani kupata vyote viwili, ama ukuta ama mtu.

"Nyumba wacha ianguke," akasema. "Mimi nipe mutu yangu."

Nikarudi chumba cha giza, ubao nikaulaza sawa, nikamtolea ile iliyopinda. Humo nyumba inalala chali, na shemeji amesimama mlangoni, mfupi vilevile.