Dhulkarnaini wa Shingoni Mwangu

Harufu ya ukwaju uliolowekwa hunirudisha Ansab, katika nchi ya Waarabu, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama, Bi Zuwena. Kila Alhamisi baada ya alasiri alikuwa akisugua fedha zake kwa ukwaju na kipande cha kanga kuukuu, mpaka zing'ae na vidole vyake vinuke uchachu. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amempeleka mama India kutibiwa kifua, nami nikaachwa kwa bibi likizo nzima ya kiangazi, katika joto ambalo hata paka walilihama. Watoto wa mtaa walinicheka kwamba Kiarabu changu kina tui la nazi. Basi sikucheza na mtu. Nilihesabu vigae vya baraza, nikamaliza, nikaanza tena. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema. Kumbe na aliyebaki naye halipo lake.

Siku ya safari mama alijivua mkufu wake wa fedha wenye vipande kumi na tatu, akanivisha mimi. "Nitunzie," alisema. "Na uhesabu mara mbili, hesabu ya kwanza hudanganya." Vipande kumi na viwili vilikuwa vya nakshi tu. Cha saba, cha katikati, kilikuwa sarafu ya kale iliyotobolewa, yenye uso wa mwanamume na vitu viwili vimemchomoza kichwani. Bibi aliniambia bila kusita kuwa huyo ni Dhulkarnaini, mfalme wa pembe mbili, aliyefika mawio na machweo ya jua. Nikaona nimepata mtu. Aliyefika machweo ya jua hashindwi na India. Kila magharibi, nikishahesabu, nilimnong'oneza amlete mama. Nilianza kwa kumwahidi tende tatu, akanyamaza. Nikapanda hadi saba. Hajapata kutokea muuzaji mgumu kama yule.

Simu ilikuwa chumbani kwa bibi. Baba akipiga, mlango ulifungwa, na nikiuliza naambiwa mama amelala. Wiki tatu mama alilala.

Wiki hiyo ya tatu kishikizo cha mkufu kilikatika, bibi akanipeleka sokoni Mutrah kwa sonara wake, Mzee Nasoro, Mpemba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliishika ile sarafu, akaitazama kwa kioo cha jicho moja, akacheka.

"Bi Zuwena, nani kakwambia huyu Dhulkarnaini?"

"Marehemu mama yangu."

"Mungu amrehemu. Hizi si pembe, ni masikio ya simba. Huyu Herakle, shujaa wa Wayunani, kavaa ngozi ya simba aliyemuua kwa mikono yake. Na huku nyuma ni baba yake, Zeu, mungu wao mkubwa."

Akaigeuza. Nikamwona mzee amekaa kitini, mkono ameunyoosha kama anasubiri kahawa, na juu ya mkono kuna ndege. Mzee Nasoro alieleza, patasi mkononi, kwamba Iskandari wa Makedonia aliiteka Uajemi akafika hadi Hindi, na kila alikopita alipiga fedha zenye sura hizo. Yeye akafia Babeli, hakurudi kwao; sarafu zikaendelea na safari. Mafundi wa pande hizi wakaziiga bila kumjua shujaa wala mungu, ndiyo maana tai wa Zeu amekuwa kuku.

"Usicheke, Bi Zuwena. Wazee wetu walitoka huku wakenda Unguja kutawala, sisi tumerudi tunaota kwa Kiswahili."

Bibi hakuwa akicheka. "Wiki tatu nnasali na mtoto huyu ubavuni, kavaa sanamu! Nasoro, itoe, nitilie kipande kingine."

Kilikuwapo, chenye mwezi mwandamo. Lakini sarafu nilikuwa nimeshaikwapua, mkufu na yote, na kuifumbata. Ilikuwa amana ya mama, na huyo wa kwenye sarafu ndiye mtu pekee niliyezungumza naye.

"Leta."

"Nitaitoa," nikasema, "lakini leo nizungumze na mama."

"Mama yako mgonjwa."

"Basi siitoi."

"Jamani, mtoto huyu kayajulia wapi haya?"

"Uza, Bi Zuwena," Mzee Nasoro akasema. "Bei nzuri hiyo."

Macho ya bibi hayakuwa ya hasira. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hakuogopa sanamu peke yake, aliogopa nitakachokisikia. "Haya," akasema. Nikafumbua mkono.

Alasiri hiyo bibi alipiga simu mwenyewe. Baba alipokea, kisha nikasikia pumzi, kama ya mtu anayepanda ngazi. "Umekula, mwanangu?" Pumzi. "Usimsumbue bibi." Pumzi ndefu zaidi. "Nnakuja." Maneno matano. Nimeyahesabu zaidi ya mara mbili, hayaongezeki. Nilikuwa nimejitayarisha kukiri habari ya sarafu, sikuwahi. Siku ya tisa baada ya simu hiyo baba alirudi peke yake. Mama alizikwa hukohuko. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, bibi alipenda kusema. Hakuisema tena.

Leo nakaa Qurum, na simu yangu yaweza kunionyesha uso wa mtu yeyote, nchi yoyote, bila mlango kufungwa. Sina wa kumpigia. Kiarabu changu hakina nazi tena, na Kiswahili nakisema na mitungi ya maua. Mutrah nimemwona Herakle mara kadhaa ndani ya makabati ya vioo. Huuliza bei, nikaishusha hadi nusu, kisha nikaondoka. Nilishamuuza mara moja, na sidhani nitapata tena bei kama ile.

Mkufu ninao. Alhamisi nausugua kwa ukwaju, kisha nahesabu vipande: kumi na tatu. Nahesabu tena, maana ya kwanza hudanganya. Nikifika cha saba, chenye mwezi, husimama kidogo, na kumjibu mama kwamba nimekula.